Faini Haijui Kama Umelewa Leo

Neno bodaboda, ambalo bila shaka ulikutana nalo katika masomo yako ya mwanzo ya Kiswahili, lina kwao, na kwao ni Busia. Katika miaka ya 1960 waendesha baiskeli wa mpakani hapo waliwavusha abiria na mizigo kati ya Uganda na Kenya, wakinadi safari zao kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka: boda, boda! Mnadi ukawa jina la chombo, jina la chombo likawa jina la kazi, na leo Afrika Mashariki nzima inaita pikipiki ya abiria kwa sauti iliyozaliwa Busia.

Basi huku ni nchi ya watu wanaoishi kwa kuendesha. Kutoka Tororo hadi Malaba, na kutoka Busia hadi Majanji kwenye ufuo wa Ziwa Viktoria, utakuta malori ya masafa marefu, teksi za upande wa Uganda, matatu za upande wa Kenya, magari ya samaki na pikipiki zisizo na idadi. Barabara ya Musita, Lumino na Busia, yenye tawi linaloshuka hadi Majanji, jumla yake kilomita 104, ilikuwa ya vumbi na mashimo. Sasa ni ya lami. Lami ni neema, lakini inampa mlevi mwendo ambao mashimo yalimnyima. Kwa hiyo nani anashika usukani akiwa amelewa si swali la askari peke yake. Ni swali la raia.

Hoja yangu niiseme mapema. Dereva aliyetiwa hatiani kwa kuendesha akiwa amelewa asiachiwe gari vivi hivi baada ya kulipa faini au kumaliza kifungo. Aendeshe, kwa muda utakaowekwa na mahakama, gari lililofungwa kifaa kinachokataa kuwaka mpaka kipate pumzi isiyo na pombe. Amri hiyo itambuliwe pande zote mbili za mpaka, na ianze na malori, magari ya abiria na mabasi ya wanafunzi.

Kiswahili hakijakipa kifaa hicho jina lililozoeleka, kwa hiyo hapa nitakiita kufuli la pumzi. Dereva hupuliza katika mrija kabla ya kuwasha gari. Kifaa hupima alkoholi iliyomo katika pumzi yake, na ikizidi kiwango kilichowekwa, ambacho kwa kawaida ni kidogo sana, umeme haufiki kwenye stata na gari haliwaki. Safarini kifaa humtaka apulize tena kwa nyakati asizozijua. Akishindwa kipimo hicho, injini haizimwi katikati ya barabara, maana hilo nalo lingeleta hatari. Kifaa huandika kosa, na mara nyingi hupiga honi au kuwasha taa mpaka gari lisimame. Kila baada ya muda fundi hukisahihisha kifaa na kusoma kumbukumbu zake, na taarifa hupelekwa kwa mamlaka inayomsimamia dereva huyo.

Kwa nini faini haitoshi? Sarufi uliyojifunza itusaidie. Tunasema alilewa kwa jambo lililopita, na amelewa kwa hali ambayo mtu ameingia na bado yumo. Mahakama hushughulika na alilewa. Barabara hukutana na amelewa. Faini, kifungo na kunyang'anywa leseni ni majibu ya usiku uliokwisha. Havina uwezo wa kujua hali ya mtu huyo Jumamosi ijayo, saa tano ya usiku, atakapotoa ufunguo mfukoni. Aliyelipa faini anaweza kuiona kama bei tu, na mwenye fedha huzoea bei. Aliyenyang'anywa leseni bado ana mikono miwili na ufunguo, kwa kuwa leseni si kitu kinachowasha gari. Kufuli la pumzi halimuulizi mtu habari za mwaka jana. Linamuuliza: je, sasa hivi umelewa?

Utaniambia kwamba Waswahili walisema ajali haina kinga. Ni kweli walisema, nami naiheshimu methali hiyo pale inapomfariji aliyepatwa na lisilotazamiwa, kama mti ulioangukia njia au tairi lililopasuka ghafla. Lakini methali ya faraja isigeuzwe kuwa methali ya udhuru. Mtu aliyekunywa tangu alasiri, akaukataa usafiri aliopewa, akawasha lori lenye tani nyingi, hakupatwa na ajali kwa maana waliyoikusudia wazee. Alichagua. Na jambo la kuchaguliwa lina kinga.

Kinga hiyo imejaribiwa kwingineko. Jimbo la California nchini Marekani lilipitisha sheria ya majaribio ya kufuli hizi mwaka 1986. Mwaka 2005 New Mexico likawa jimbo la kwanza la nchi hiyo kuzilazimisha kwa kila aliyetiwa hatiani, hata kwa kosa la kwanza. Sweden ilianza majaribio yake mwaka 1999. Ufaransa ilitaka mabasi yote ya masafa na ya wanafunzi yawe nazo ifikapo Septemba 2015, bila kusubiri dereva akosee kwanza. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani kinakadiria kwamba kufuli likiwa ndani ya gari, kurudia kosa hupungua kwa takriban asilimia 70.

Lakini tafiti hizo hizo zina upande wa pili, na mwalimu asiyewasomea wanafunzi wake upande wa pili hafundishi, anauza. Kufuli likiondolewa, sehemu kubwa ya faida hiyo huondoka nalo. Kifaa humzuia mlevi kuendesha, hakimponyi ulevi. Ndiyo maana amri ya mahakama iende pamoja na ushauri nasaha na matibabu kwa anayehitaji, na kufuli lisiondolewe kwa sababu tarehe imefika tu, bali kwa sababu kumbukumbu zinaonyesha miezi mfululizo ya pumzi safi.

Sasa turudi mpakani, ambako jambo hili lina ugumu wa peke yake. Uganda na Kenya zina kikomo kimoja cha jumla kwa madereva, yaani miligramu 80 za alkoholi katika mililita 100 za damu. Polisi wa Uganda wana msako wao wa kupima pumzi, ambao wananchi wameuita kwa Kiganda kawunyemu. Wenzao wa Kenya wana kipimo ambacho kila mtu anakiita alkoblo. Sheria zinafanana, vipimo vinafanana, hata Wasamia na Wateso wanaishi pande zote mbili. Tarehe 24 Februari 2018 marais wa nchi hizi mbili walizindua rasmi kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia, ili lori likaguliwe mara moja badala ya mbili. Tumeweza kuunganisha ukaguzi wa mizigo. Basi tuunganishe na kumbukumbu za makosa ya madereva. Amri ya hakimu wa Tororo ikikosa nguvu mara gurudumu linapogusa ardhi ya Kenya, imemfunga mkulima asiyevuka na kumwachia dereva wa masafa anayevuka kila wiki. Forodhani, mahali ambapo lori husimama hata hivyo, ndipo pa kuhakiki kama dereva ana amri na kama kufuli lipo.

Katika uraia, njia ina uzito sawa na lengo. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ya Kenya iliona kwamba kanuni za kipimo cha pumzi ziligongana na Sheria ya Trafiki yenyewe, na alkoblo ikapata pigo kubwa. Somo lake ni kwamba nia njema haitoshi kuhalalisha kanuni. Kufuli la pumzi likiletwa kwa tangazo la waziri au amri ya kamanda, litaanguka mbele ya wakili wa kwanza hodari. Lazima lianzie bungeni, Kampala na Nairobi, sheria ikitaja wazi kosa, muda wa amri, nani anamiliki kumbukumbu za kifaa na haki ya dereva kupinga kipimo.

Kuna pingamizi mbili zinazostahili jibu. Ya kwanza ni gharama. Kufuli linakodishwa, linafungwa na linasahihishwa kwa fedha. Tukimtwika kila mkosaji gharama yote, tajiri ataendesha na maskini atapoteza kazi kwa kosa lile lile. Hapo napendekeza tuanze na magari ya biashara, ambapo mwenye gari alipe. Kampuni inayofaidi safari za lori ibebe sehemu ya dhamana ya anayeliendesha. Kwa mkosaji mwenye gari lake binafsi, mahakama ipime uwezo wake kama inavyoupima katika mambo mengine.

Ya pili ni nzito zaidi, nayo inatoka kwa bodaboda wenyewe. Kufuli hili lilibuniwa kwa ajili ya magari. Kwenye pikipiki halifai: hakuna mwendeshaji anayeweza kupuliza mrija akiwa kwenye mwendo bila kujihatarisha. Sitadai kwamba kifaa kinatibu kila kitu. Kwa bodaboda kinga itoke kwa watu. Kila steji ina mwenyekiti wake, na wanachama wanajuana kwa pumzi zao bila mashine. Steji ikikubaliana kwamba ufunguo wa aliyelewa unakabidhiwa kwa mwenyekiti mpaka asubuhi, na anayekataa hapangiwi abiria, imeweka kufuli lake bila sensa wala waya.

Wala usinielewe kwamba napiga vita pombe. Huku Tororo na Busia wazee huketi kuzunguka chungu cha malwa, kila mmoja na mrija wake mrefu, wakapatana, wakasuluhisha ugomvi, wakaoza watoto wao. Hiyo ni desturi yenye adabu zake, na mojawapo ya adabu hizo za kale ni kwamba aliyekunywa alirudi nyumbani kwa miguu. Injini ndiyo iliyoingia baadaye bila kufundishwa adabu. Anayetaka mrija wa malwa na aufurahie. Akitaka usukani usiku huo huo, kwanza ajibu mrija wa pili.

Kwako wewe unayejifunza lugha hii, kazi ya juma hili ni fupi. Andika barua rasmi ya ukurasa mmoja kwa mbunge wa eneo lako, ukiunga mkono au ukipinga amri ya kufuli la pumzi kwa madereva waliotiwa hatiani. Ukiunga mkono, eleza nani alipe. Ukipinga, eleza ni kitu gani kingine kitakachomuuliza dereva swali la amelewa kabla gari halijawaka. Tumia hoja, si matusi, na usimalize kwa kuandika kwamba ajali haina kinga.