Mashabiki, Wahakiki na Kibanda cha Polisi: Hoja kutoka Sigowet

Katika kikao kimoja cha kujadili mapendekezo ya tasnifu za uzamili, katika idara ambayo sitaitaja, mwanafunzi mmoja alileta pendekezo la kuchunguza namna vijana wa vijijini katika Kaunti ya Kericho wanavyoyajadili masimulizi ya bunilizi ya kisayansi. Mfano wake mkuu ulikuwa mijadala iliyozuka kuhusu vipindi maalumu vilivyotolewa mwaka 2023 kuadhimisha miaka 60 ya Doctor Who, mfululizo wa runinga wa BBC. Pendekezo lilikataliwa katika muda usiozidi dakika kumi. Sababu zilizotolewa zilikuwa tatu: kwamba kazi yenyewe si ya Kiswahili, kwamba bunilizi ya kisayansi si utanzu wetu, na kwamba maneno ya mashabiki si uhakiki. Mimi nilikuwamo kikaoni. Nilinyamaza, na kunyamaza kwangu ndiko kulikonisukuma kuandika makala haya.

Sababu ya kwanza ni nyepesi na haistahili kutuchelewesha. Hakuna aliyependekeza kwamba Doctor Who ni fasihi ya Kiswahili. Kilichopendekezwa ni kuuchunguza mjadala, na mjadala huo ulifanyika kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kikipsigis. Ikiwa tumekubali miaka yote hii kuhakiki tafsiri za Shakespeare alizotuachia Mwalimu Nyerere, na tumefanya vyema kuzihakiki, basi asili ya matini haiwezi ghafla kuwa kizuizi pale tu inapokuwa ya runinga.

Sababu ya tatu ndiyo nzito, kwa kuwa inagusa kile tunachodhani ni kazi yetu. Shabiki, kwa mujibu wa wenzangu, hupenda tu; mhakiki hupima. Nadhani tofauti hii imebuniwa na watu wasiowahi kuketi na mashabiki wakabishana. Aidha, inasahau historia ya fasihi yenyewe tunayoifundisha. Tungekuwa na nini leo cha Muyaka bin Haji, aliyefariki mnamo 1840, lau si watu wa Mombasa walioyahifadhi mashairi yake vifuani kwa sababu waliyapenda? Mwalimu Sikujua bin Abdallah hakuwa na shahada ya fasihi wala hakuajiriwa na chuo. Aliyajua mashairi, aliwajua waliokuwa wakiyajua, akayakusanya na kuyafafanua kwa ajili ya W. E. Taylor, na hatimaye William Hichens akaitoa Diwani ya Muyaka mwaka 1940. Tumezoea kuwataja Taylor na Hichens kama wataalamu, na Sikujua kama mtoa habari. Ukweli ni kwamba bila ya yule mpenzi wa mashairi wataalamu hao wangebaki mikono mitupu.

Sasa tuutazame mfululizo unaodharauliwa. Ulianza kuonyeshwa tarehe 23 Novemba 1963. Katika miaka iliyofuata BBC ilifuta kanda nyingi za vipindi vyake vya awali, kwa kuwa kanda zilikuwa ghali na hakuna aliyedhani kwamba mtu angetaka kuviona tena. Hata hivyo sauti za vipindi vyote vilivyopotea zimesalia. Zimesalia kwa sababu watazamaji, baadhi yao wakiwa watoto wa shule, walikaa mbele ya runinga na vinasa-sauti vyao wakazirekodi nyumbani. Mwezi Oktoba 2013, wakati mfululizo ulipokuwa ukielekea miaka 50, ilitangazwa kwamba vipindi 9 vilivyopotea vilikuwa vimepatikana katika kituo cha kurushia matangazo mjini Jos, Nigeria. Idadi ya vilivyopotea ikashuka kutoka 106 hadi 97. Aliyevisaka alikuwa mpenzi wa mfululizo huo. Yaani shirika lililovitunga lilivitupa, Afrika ikavihifadhi bila kujua, na shabiki akavifuata. Sioni tofauti kubwa kati ya habari hii na ile ya miswada ya tendi iliyokutwa katika masanduku ya familia za Lamu.

Nauliza, kwa kuwa jambo hili linatuhusu: nani miongoni mwetu amejishughulisha kurekodi, kuorodhesha au hata kuuliza habari za kanda za zamani za Vitimbi? Mzee Ojwang alifariki mwezi Julai 2015, na taifa zima likamlilia. Idara za fasihi zilitoa makala mangapi kuhusu sanaa yake ya kusema Kiswahili chenye lafudhi ya makusudi? Tulimwachia shabiki kazi hiyo, kisha tunasema shabiki hawezi kazi.

Nirudi kwenye kipindi chenyewe. Mfululizo huu unamhusu msafiri wa wakati na anga, aitwaye Daktari, ambaye anapokaribia kufa hugeuka akawa mtu mwingine mwenye sura na tabia nyingine. Hivyo ndivyo ulivyoweza kubadilisha waigizaji kwa miongo sita. Vipindi maalumu vya mwaka 2023 vilikuwa vitatu, na cha mwisho, The Giggle, kilionyeshwa tarehe 9 Desemba. Humo Daktari aliyechezwa na David Tennant anapigwa mwale, na badala ya kugeuka, anagawanyika mara mbili. Anayetoka ubavuni mwake ni Ncuti Gatwa, mzaliwa wa Kigali mwaka 1992, aliyelelewa Scotland baada ya familia yake kuyakimbia mauaji ya kimbari ya 1994. Mzee habanduki wala hafi. Anastaafu, anaketi mezani bustanini pamoja na familia ya rafiki yake, na kijana anaendelea na safari.

Mashabiki walichachamaa. Wengine walisema kanuni imevunjwa: Daktari asiyekufa hajageuka, na asiyegeuka hajampisha mwenziwe. Wengine walijibu kwamba kanuni yenyewe ilitungwa njiani, mwaka 1966, mwigizaji wa kwanza alipodhoofika kiafya, na kwamba kilichotungwa kwa dharura kinaweza kutunguliwa kwa dharura. Mimi nilipousikia ubishi huu nilitabasamu, maana nilikuwa nimewahi kuusikia. Ni ule ule mgogoro wa ushairi wa miaka ya 1970. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, swali lilikuwa kama utungo usio na vina na mizani ni shairi au si shairi. Upande mmoja ulisema uti wa mgongo umevunjwa, upande wa pili ukasema uti huo ni wa kihistoria wala haukushuka kutoka mbinguni. Mgogoro ule leo tunaufundisha kwa heshima, tunautungia maswali ya mtihani. Ubishi wa mashabiki wenye umbo lile lile la hoja tunauita kelele.

Ajabu ni kwamba kipindi chenyewe kinahusu ubishi. Adui wake ni Mchezeshaji wa vibaragosi, aliyeficha kicheko katika picha ya kwanza ya runinga, ile ya kibaragosi ambacho John Logie Baird alikitumia kweli katika majaribio yake mwaka 1925. Kicheko hicho kimejipenyeza katika kila kioo cha runinga duniani, na matokeo yake kila binadamu anaamini kuwa yeye ndiye mwenye haki na hakuna awezaye kumsadikisha vinginevyo. Nakiri kwamba niliwakumbuka wajumbe wa vikao fulani.

Niliitazama The Giggle huko Sigowet, siku chache kabla ya Krismasi ya mwaka ule ule, katika hoteli ya chai ambayo mwenyewe alikubali kuzima muziki. Sigowet ni mahali ambapo chai ya wakulima wadogo inakaribia kukoma na nchi inaanza kuteremka kuelekea joto la Soin. Mpwa wangu alikuwa amekuja likizoni na nakala kwenye kompyuta yake, na vijana wapatao kumi na wawili walikuwa wamesongamana mezani, wengine wakiwa bado na makapu yao ya kuchumia. Baada ya kipindi ulizuka mjadala uliochukua muda mrefu kuliko kipindi.

Jambo lililowatatiza mashabiki wa Uingereza halikumtatiza hata mmoja wao. Kijana mmoja, fundi wa pikipiki, alilieleza kwa maneno machache: hii ni ibinda. Kwa msomaji asiyejua, ibinda ni rika la Wakipsigis, na majina ya marika, kama vile Maina, Chumo, Sawe, Kaplelach na Nyongi, huzunguka. Rika likiisha, jina lake hurudi baada ya vizazi kadhaa kwa watu wengine kabisa. Nyongi wa leo ni Nyongi kweli, wala si wale wa kale. Na rika linapopokea zamu, lililotangulia halifi. Linajiondoa, linaketi, linashauri. Kwa fundi yule, kilichokuwa cha ajabu ni miaka yote ile ya nyuma, ambapo Daktari alilazimika kufa ndipo mwingine aje. "Hao wazungu wamechukua miaka sitini kujifunza kustaafu," akasema, na hoteli nzima ikacheka.

Hapo binti mmoja, mwanafunzi wa ualimu, akaukata mfano. Alisema kwamba waliokuwa wakikabidhiana zamu hiyo anayoisifu walikuwa wanaume, na kwamba Daktari alikwisha kuwa mwanamke tangu mwaka 2017, jambo ambalo ibinda ya fundi haina mahali pa kuliweka. Kisha akauliza swali ambalo sijalisoma kwa mhakiki yeyote: ufunguo umekabidhiwa nani? Maana katika kipindi, Daktari kijana hapewi chombo cha kusafiria cha mzee. Anakigonga kwa nyundo kubwa kikazaa cha pili, naye anaondoka na hicho cha pili. Cha kwanza kinabaki na mwenyewe, nyumbani kwake. "Ni kama sisi mwaka 1963, mwalimu," akaniambia. "Bendera tulipata mpya. Shamba likabaki kwa mwenyewe."

Msomaji ataona uzito wa kauli hii akikumbuka inakotamkwa. Mfululizo huu ulianza siku 19 kabla ya uhuru wa Kenya. Chombo cha Daktari kina umbo la kibanda cha polisi wa Uingereza, rangi ya buluu, na mtazamaji wa London anatarajiwa kukiona na kupata faraja: msaada umefika. Katika nchi ya chai ya Kericho polisi wa Kiingereza alifika kwa shughuli nyingine. Wakipsigis waliondolewa katika ardhi yao ili mashamba makubwa yapandwe, na mwaka 1934 ikatungwa sheria mahsusi ya kuwahamisha Watalai na kuwapeleka uhamishoni Gwassi. Kwa hiyo kibanda cha polisi kinachojitokeza bila kualikwa katika nchi ya watu, mwenyewe akatoka akiwa na hakika kwamba anajua tatizo lao, ni ishara ambayo mtu wa Sigowet anaisoma kinyume cha ilivyokusudiwa. Na BBC hiyo hiyo, mwezi Februari wa mwaka ule ule wa maadhimisho, ilionyesha uchunguzi wake kuhusu unyanyasaji wa kingono wa wanawake wafanyao kazi katika mashamba ya chai ya Kericho. Vijana wale walikuwa wameviona vyote viwili.

Mimi mwenyewe siukubali usomaji wa binti yule moja kwa moja. Chombo cha pili si duni kuliko cha kwanza, na hadithi iliendelea na Gatwa, haikuendelea na mzee wa bustanini. Kwamba Gatwa aliondoka tarehe 31 Mei 2025, baada ya misimu miwili tu, ni jambo la mikataba na bajeti huenda zaidi kuliko la istiari, na sipendi kuushindilia mfano hadi upasuke. Lakini kutokubaliana na usomaji ni kukiri kwamba ni usomaji. Binti yule alichukua tukio dogo la kifani, kuzaliwa kwa chombo cha pili, akalihusisha na muundo wa umiliki, akaonyesha pengo kati ya kile kipindi kinachodai kusema na kile kinachosema. Wanafunzi wetu wa mwaka wa tatu tunawapa alama nzuri kwa kufanya nusu ya hayo.

Yabaki machache kuhusu sababu ya pili, kwamba bunilizi ya kisayansi si utanzu wetu. Shaaban Robert aliiweka Kusadikika angani, akatuma wajumbe sita pande sita, mmoja wao juu na mwingine chini, mwaka 1951. Katama Mkangi alimrusha Dzombo kwa chombo hadi ulimwengu mwingine katika Walenisi, 1995, na jina lenyewe la ulimwengu huo linatuambia kwamba wale ni sisi. Kyallo Wadi Wamitila akafuata na Bina-Adamu! mwaka 2002, na Said Ahmed Mohamed na Dunia Yao mwaka 2006. Kazi hizi tumeziita istiara, njozi, uhalisiamazingaombwe, usasaleo. Istilahi zilizotoka Amerika ya Kusini na Ulaya tumezipokea bila kuziuliza pasipoti. Bunilizi ya kisayansi peke yake ndiyo iliyozuiwa mpakani. Nashuku sababu si ya kinadharia. Ni kwamba utanzu huu unapendwa na vijana, nasi tumejifunza kushuku kinachopendwa.

Mwanafunzi yule hajaacha. Amebadilisha sura ya pili, ameongeza Walenisi kama matini ya kulinganishia, na ameomba ruhusa ya kurudi Sigowet na kinasa-sauti. Pendekezo lake litarudi kikaoni muhula ujao, na safari hii limetiwa saini yangu kama msimamizi.