Nani Yuko Zamu?

Ubishi uliozaa toleo hili umenichosha. Wachangiaji wetu wanavutana kama mgonjwa wa Kibondo au Kasulu, mkoani Kigoma, apewe kifaa cha kupimia nyumbani kinachotuma majibu chenyewe, au kipimo cha kawaida na daftari. Betri, mtandao, bei: kurasa kwa kurasa. Swali lililo zito kuliko yote hayo limeachwa pembeni: majibu yakiwa mabaya, nani yuko zamu?

Chukua mjamzito wa miezi minane, kijiji cha ndani Kibondo, wakati wa masika. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anamketisha, anamfunga mkanda mkononi, anapima shinikizo la damu, anasubiri kidogo, anarudia: 160 kwa 110. Kifaa kimemaliza kazi yake. Sasa anatakiwa mtu wa zamu mwenye simu yenye chaji, na vocha isiyotoka kwenye mshahara wake. Inatakiwa sindano ya magnesiamu ya kuzuia kifafa cha mimba ndani ya kabati la zahanati, na muuguzi anayeruhusiwa kuchoma dozi ya kwanza kabla ya rufaa. Usafiri nao unatakiwa. Hapo namba 115 ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, imesaidia, maana hata dereva wa kijijini huitwa pale ambulensi isipopatikana. Kikikosekana kimoja tu, tumempa mama huyu hofu, hatujampa tiba.

Kigoma haina haja ya kufundishwa hili. Mwishoni mwa 2009 Kigoma Vijijini, pamoja na Lindi Vijijini na Ulanga, ilijaribu SMS for Life: kila wiki vituo viliripoti kwa ujumbe mfupi dawa za malaria zilizobaki. Ndani ya wiki 21, vituo vilivyokosa angalau aina moja ya dawa hizo vilishuka kutoka asilimia 78 hadi 26 katika wilaya zote tatu. Kwa Kigoma Vijijini, kutoka 93 hadi 47. Sifa zote zilikwenda kwa simu. Mimi nawapa maofisa wa wilaya waliozisoma taarifa zile na kuhamisha dawa kutoka kituo chenye ziada kwenda kilichoishiwa. Kwa sababu hiyo hiyo, kazi ya shirika la Thamini Uhai ya kuviwezesha vituo vya afya vya mkoa huu kufanya upasuaji wa uzazi naihesabu kuwa msingi wa upimaji wa nyumbani, ingawa hakuna mchangiaji aliyeitaja.

Januari 2024 Dk. Philip Mpango, mwana wa Buhigwe mkoani humu, akiwa Makamu wa Rais, alizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 kwa miaka mitano. Hao ndio watakaoshika vipimo. Posho yao ikichelewa, hakuna programu ya simu itakayopanda mlima kwa niaba yao, na nashangaa bajeti za majaribio tunazoletewa zinavyoanza na vifaa, zikimtaja mhudumu mwishoni.

Katika toleo hili, makala ya Nyarugusu inaonyesha vizuri ugumu wa kumfuatilia mgonjwa wa sukari ndani ya kambi ya wakimbizi. Ile ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 isomwe na kila mganga mkuu wa wilaya.

Kuanzia toleo lijalo, makala yoyote ya upimaji wa nyumbani itakayoletwa hapa ieleze majibu ya usiku yanapokelewa na nani, analipwa na nani, na ana dawa gani kabatini. Isiyoeleza nitairudisha.