Wapigania uhuru wa Zimbabwe wasilaumiwe peke yao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niwajibu wale wanaodai kwamba chama cha wapigania uhuru wa Zimbabwe ndicho kilichoua dola ya nchi hiyo. Sisi watu wa Iringa tunaweza kulisemea jambo hili. Vijana wengi wa ZANLA walifunzwa vita Mgagao, hapa kwetu, na hapo hapo mwaka 1975 maofisa wao waliandika azimio la kumkataa kiongozi wao, Ndabaningi Sithole. Hawakuwa watu wa kungoja kusemewa.

Ajabu ni kwamba watu hao walirudi kwao uhuru ulipopatikana mwaka 1980, wakakaa miaka mingi bila chama. Wengine waliingizwa katika jeshi jipya. Waliobaki, maelfu kwa maelfu, walipewa dola 185 za Zimbabwe kila mwezi kwa miaka miwili, kisha basi. Wakati huo huo askari wa Ian Smith walilindiwa pensheni zao na katiba iliyotoka Lancaster House! Mshindi akapewa nauli, mshindwa akapewa kiinua mgongo.

Kwa nini hawakuungana mapema? Majeshi ya ukombozi yalikuwa mawili, ZANLA na ZIPRA, na baada ya uhuru Matabeleland iliingia katika mauaji. Askari wa zamani wa ZIPRA alitazamwa kama adui. Mpaka Mugabe na Nkomo walipotia saini mapatano ya umoja Desemba 1987, ndipo chama cha wote kilipowezekana. Kilianzishwa miaka michache baadaye, kikawa na uongozi wa taifa, wa mikoa na wa wilaya, na Rais mwenyewe akawa mlezi wake. Hapo ndipo naona kosa kubwa. Chama kilichoundwa kudai, mlezi wake ni yule yule anayedaiwa.

Sheria ya mwaka 1992 ilieleza nani ni mpiganaji: aliyepata mafunzo ya kijeshi na kushiriki vita mfululizo kati ya mwaka 1962 na 1980. Kijana wa kijijini aliyebeba chakula na habari usiku, akapigwa na askari wa mkoloni kwa ajili hiyo, hakuhesabiwa.

Kulikuwa pia na mfuko wa fidia kwa walioumia vitani, uliolipa kwa asilimia ya ulemavu. Wakubwa waliujua mlango wake kuliko wajane. Mwaka 1997 malipo yalisimamishwa na tume ikaundwa kuchunguza. Chenjerai Hunzvi, mwenyekiti wa chama na daktari aliyewapima wenzake, yeye mwenyewe alionekana ana ulemavu wa asilimia 117. Sijui ni kiungo gani kilichozidi.

Lakini tusisahau waliokuwa chini yake. Malipo yaliposimamishwa, aliyeumia kweli ndiye aliyelala njaa. Wapiganaji wakaingia mitaani Harare, wakamzomea Rais hadharani. Serikali ikaogopa. Iliahidi kila mmoja dola 50,000 kwa mkupuo na dola 2,000 kila mwezi, kwa watu wapatao 50,000, fedha ambazo hazikuwamo katika bajeti. Tarehe 14 Novemba 1997 dola ya Zimbabwe ilipoteza zaidi ya asilimia 70 ya thamani yake kwa siku moja. Serikali ilipotaka kuwatoza wafanyakazi kodi ya kulipia deni hilo, wafanyakazi nao waliandamana mwezi Desemba.

Ndugu zangu, deni la mwaka 1980 lililipwa mwaka 1997 kwa hofu, lote kwa siku moja. Nani alaumiwe, anayedai au aliyekaa na deni miaka 17? Nakubali kwamba baadaye, kuanzia mwaka 2000, chama kilitumiwa katika kuvamia mashamba na kuwatisha wapinzani, na hilo silitetei. Hata hivyo mwaka 2016 wapiganaji hao hao walimkataa Mugabe kwa tamko la maandishi, kama wenzao walivyofanya Mgagao.

Wale vijana waliobeba chakula walikuja kutambuliwa na sheria mpya ya mwaka 2020. Wengi wao walikuwa na miaka kumi na mitano wakati wa vita. Walipoitwa kuhojiwa ili majina yao yaandikwe, walikuja na wajukuu wa kuwashika mkono.

Msomaji wako,
Iringa