Orodha ya Hoteli Bora Isiipite Kipsongo Kando

Kila mara majarida ya Nairobi yanayoandika habari za maakuli na starehe yanapotoa orodha ya hoteli bora jijini, wasomaji hugawanyika. Wako wanaosema kwamba hoteli fulani imependelewa. Wako wanaolalamika kwamba ile waipendayo wao imeachwa. Wako pia wanaoshuku kwamba waliotangaza biashara katika kurasa za jarida ndio waliopandishwa ngazi. Mabishano hayo yana ladha yake, lakini aghalabu huishia kwenye majina ya washindi na walioshindwa. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza swali linalopaswa kutangulia mengine yote: bora kwa nani, na kwa kipimo gani?

Swali hili limeanza kutugusa sisi tuishio magharibi. Tangu Eldoret ipewe hadhi ya jiji mwezi Agosti 2024, nimewasikia wenzangu wengi mjini Kitale, na hata Bungoma, wakisema kwamba zamu yetu haiko mbali, na kwamba mji unaojitayarishia ukubwa hauna budi kuwa na orodha yake ya hoteli ili mgeni ajue pa kula. Sipingi orodha. Ninachopinga ni kuazima kipimo kilichoundwa kwa ajili ya watu wengine, kisha tukakitumia kuwapima watu ambao hakikukusudiwa kuwapima.

Tuanze na asili ya mambo haya. Kitabu kilichozaa mtindo wa kuzipa hoteli madaraja hakikutungwa na wapishi. Kilitolewa Ufaransa mwaka 1900 na ndugu wawili, André na Édouard Michelin, waliokuwa wakitengeneza matairi. Shabaha yao ilikuwa kumshawishi mwenye gari asafiri mbali zaidi, matairi yalike, anunue mengine. Nyota za kuzisifia hoteli zilianza kutolewa mwaka 1926, na ngazi za nyota mbili na tatu zikafuata mwaka 1931. Nyota tatu maana yake ni kwamba chakula cha mahali hapo kinastahili kufungiwa safari maalumu. Tazama, basi, kipimo hicho kilivyo: anayefikiriwa ni msafiri mwenye gari, fedha na nafasi. Mlaji anayekwenda kwa miguu hakuwamo katika hesabu tangu siku ya kwanza.

Karne moja baadaye, mwaka 2002, jarida la Uingereza liitwalo Restaurant lilitoa orodha ya hoteli 50 bora ulimwenguni. Hoteli ya elBulli ya Uhispania ilishika nafasi ya kwanza, na miongoni mwa hizo 50 ikawamo Carnivore ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1980 na kupata sifa kwa nyama inayochomwa juu ya makaa kisha kukatwa mbele ya mlaji. Wakenya wengi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Nyama choma yetu ilikuwa imetajwa katika baraza la wakubwa. Hata hivyo, mwaka 2015 wapinzani wa orodha hiyo nchini Ufaransa walipaza sauti hadharani, wakisema kwamba wapiga kura hawakulazimika kuthibitisha kuwa walikuwa wamekula katika hoteli walizozichagua. Ikiwa wakubwa wa mapishi wenyewe hawaaminiani, kwa nini sisi tuipokee hukumu ya jarida kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni?

Kwa kuwa kazi yangu ni isimu, niruhusiwe kuyapekua maneno, maana mara nyingi neno huhifadhi ukweli ambao wenye kulitumia wameusahau. Neno hoteli tulilipata kutoka kwa Kiingereza, nacho kililichukua kutoka kwa Kifaransa. Shina lake la Kilatini ndilo lililozaa pia neno hospitali, na maana yake ya awali ni mahali pa kumpokea mgeni. Mkahawa ni mahali pa kahawa, kinywaji ambacho jina lake lilitufikia kutoka kwa Kiarabu. Ama lile neno restaurant, ambalo majarida yetu ya Kiingereza huliheshimu mno, lilitumika Paris katika karne ya 18 likiwa jina la mchuzi: supu ya kumrudishia nguvu mtu aliyedhoofika. Kwa ushahidi wa neno lenyewe, mama anayeinjika sufuria ya supu alfajiri karibu na soko, ili mbeba mizigo apate nguvu za kuianza siku, analistahili jina hilo kuliko wengi walioliandika kwa taa za rangi juu ya milango yao.

Ndugu zetu wa Tanzania nao wametupa jina la mama ntilie. Jina hilo limeundwa kutokana na ombi la mlaji: "Mama, nitilie." Ndani yake mna watu wawili, mpishi na mwenye njaa, na tendo moja la kutia chakula katika sahani. Hamna mwamuzi wa tatu.

Na neno bora je? Shuleni tulifundishwa kwamba chakula bora ni kile kinachoujenga mwili, kuupa nguvu na kuukinga na maradhi. Lakini neno hilohilo likibandikwa kwenye hoteli, maana yake hugeuka ikawa zulia, vitambaa vyeupe vya meza, mhudumu mwenye tai na bei inayomtisha mpita njia. Chakula bora na hoteli bora vimekuwa vitu viwili visivyojuana. Mtu aweza kutoka katika hoteli bora akiwa hajala chakula bora, na mwingine akala chakula bora maisha yake yote asikanyage hoteli bora hata siku moja.

Sasa twende Kipsongo. Mtaa huu uko pembezoni mwa Kitale, na wakazi wake wengi ni Waturkana ambao wazazi wao, au wao wenyewe, walisukumwa kutoka kaskazini na ukame, njaa na uvamizi wa wezi wa mifugo. Kitale yenyewe imekaa kati ya Mlima Elgon na vilima vya Cherang'ani, katika Trans Nzoia, kaunti inayosifika kuwa ghala la mahindi la Kenya. Ni kinaya kizito kwamba ubavuni mwa ghala hilo wapo watu ambao mlo wao wa leo hutegemea kibarua cha leo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hata wakiwa majirani.

Watu hao wanapokuwa kazini hula vibandani. Asubuhi ni chai na mandazi. Mchana ni ugali kwa sukuma wiki, maharagwe au omena, na siku ya neema, matumbo. Mpishi anawajua wateja wake kwa majina. Anajua nani alipata kibarua na nani alirudi mikono mitupu, na nani anaweza kulishwa kwa deni hadi Jumamosi. Sijaona jarida lenye safu ya kupimia deni hilo, ingawa kwa mlaji wa Kipsongo ndilo linalotenganisha kula na kulala njaa. Isitoshe, kibanda ni shule ya lugha. Mturkana, Mbukusu, Msabaot na Mpokot wanapoketi kwenye benchi moja, Kiswahili ndicho kinachowapitishia chumvi. Sisi tunaofundisha madarasani hatujapata darasa lenye wanafunzi wenye haja ya lugha kiasi hicho.

Mtu asidhani kwamba wazee wetu hawakuwa na madaraja katika mambo ya kula. Miongoni mwa Waluhya, wakiwamo Wabukusu wa Bungoma, kuku ndiye heshima ya mgeni, na firigisi, iitwayo imondo katika lahaja kadhaa, huwekewa mzee mwenye mji. Ikipelekwa kwa asiyestahili, huzuka ugomvi. Kwa hiyo kupanga daraja si jambo geni kwetu. Tofauti ni kwamba daraja hilo lilitokana na uhusiano wa watu walioketi pamoja, na wote waliokuwapo waliijua kanuni yake. Mpishi alipimwa kwa swali moja: je, mgeni ameshiba na kuheshimiwa?

Najua nitakavyojibiwa. Watasema kwamba mwalimu huyu anausifu uchafu. Kwamba vibanda havina maji wala mifereji, nzi wamejaa, na kipindupindu hakichagui kati ya msomi na mchukuzi. Hoja hiyo ina uzito, nami siibezi. Chakula kichafu huua, na maskini anastahili usafi sawasawa na tajiri. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Jedwali la Nne la Katiba hiyohiyo limeikabidhi serikali ya kaunti kazi ya kutoa leseni na kudhibiti biashara zinazouzia umma chakula. Lakini tusome hadi mwisho. Huduma za maji na usafi nazo zimewekwa mikononi mwa kaunti. Haiwezekani mkono mmoja umnyime mpishi bomba la maji, na mkono wa pili umtoze faini kwa kukosa maji ya kunawa.

Wenye kupenda nyota na wasikilize habari za Singapore. Mwaka 2016 kibanda cha mpishi Chan Hon Meng, kilichokuwa kikiuza wali na kuku kwa bei ya mtu wa kawaida, kilipewa nyota moja ya Michelin. Ulimwengu ulishangilia. Ambalo halikusimuliwa sana ni kwamba katika miaka ya 1970 na 1980 serikali ya Singapore ilikuwa imewahamisha wachuuzi wa chakula kutoka barabarani na kuwaingiza katika masoko yaliyojengwa kwa ajili yao, yenye maji, umeme na mabomba ya maji machafu. Bomba lilitangulia, nyota ikafuata miongo mitatu baadaye. Kisha mwaka 2021 kibanda hicho kikaipoteza nyota yake. Mabomba yangali yapo, na walaji wangali wanakula. Hiyo ndiyo tofauti kati ya sifa na huduma.

Wala hatuhitaji kuvuka bahari yote. Unguja, bustani ya Forodhani, ambapo wachuuzi huuza samaki, mishikaki na mikate kila jioni, ilikarabatiwa kwa juhudi za Aga Khan Trust for Culture na kufunguliwa tena mwaka 2009. Wachuuzi wa chakula hawakufukuzwa ili mahali papendeze. Walitengewa nafasi katika mpango wenyewe. Hapa kwetu pia tuna mfano. Mapema katika miaka ya 2000, shirika lililoitwa ITDG wakati huo, ambalo sasa ni Practical Action, lilifanya kazi na baraza la mji wa Kitale na wakazi wa Kipsongo, Tuwani na Shimo la Tewa. Wakazi wenyewe waliketi wakayataja mahitaji yao, na mipango ikaanzia hapo. Kwa maneno mengine, Kipsongo imewahi kuulizwa, na ilikuwa na la kujibu.

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli, lakini hata chema hakiwezi kujiuza ikiwa meza yake inapinduliwa kila wapitapo askari. Na hapa ndipo orodha za majarida zinapoacha kuwa mchezo. Wanaozisoma ni pamoja na wale wanaochora ramani za miji, wanaopanga ada za leseni na wanaoamua ni jengo lipi linauchafulia mji sura. Mtu aliyezoezwa kuamini kwamba hoteli bora ni ile yenye zulia hatashtuka kuona kibanda kinabomolewa. Ataona mji unaendelea. Hatamwona mama aliyepoteza mtaji wake, wala walaji ambao siku hiyo watashinda njaa kwa sababu aliyekuwa akiwakopesha hayuko tena.

Nini basi kifanyike? Kwanza, wahariri wanaotaka kuitungia Kitale au Bungoma orodha waieleze kanuni yao waziwazi: nani waliopiga kura, walikula lini, na nani aliyelipia chakula hicho. Pili, waongeze maswali ambayo hayamo katika orodha za Nairobi. Je, mtu wa kibarua anaweza kushiba hapa bila kumaliza ujira wa siku nzima? Je, pana maji ya kunawa? Je, mpishi na mwosha vyombo hulipwa ipasavyo? Je, mahindi, mboga na kuku vimenunuliwa kwa wakulima wa hapa? Tatu, serikali za kaunti zifikishe maji, taa na mifereji kwa wauza chakula kabla ya kudai ada zaidi, na ukaguzi wa afya uwe wa kufundisha kabla haujawa wa kuadhibu.

Orodha ya namna hiyo itakuwa na kazi ya kufanya. Hoteli kubwa hazitaumia nayo. Zikiwa bora kweli, maswali hayo hayatazitisha. Ama mhariri anayetaka kujua pa kuanzia, asianzie kwenye maegesho ya magari. Aende Kipsongo saa saba mchana, wakati masufuria yakiepuliwa, awaulize walioketi kwenye mabenchi kwa nini wamekula hapo na si kwingine. Majibu yao ayaandike kama walivyoyasema, na ukurasa wa kwanza wa orodha yake utakuwa umepatikana.