Andikeni Namba Yote ya Prosesa

Sisi tunaonunua kompyuta mpakato za mtumba tumechoka. Unaingia dukani Kariakoo, unakuta kikaratasi kimebandikwa kwenye mfuniko: "Core i7, RAM 8, SSD 256, bei maelewano." Ukiuliza i7 hiyo ni ya kizazi cha ngapi, unajibiwa, "Bosi wangu, i7 ni i7, hii ndiyo kubwa." Namba kamili ya prosesa haipo, na bila namba hiyo huwezi kutafuta alama zake za kasi ukazilinganisha na za mashine ya pembeni. Tunauziwa mbuzi kwenye gunia.

Na wakati wenyewe wa kulinganisha ndio huu. Microsoft ilisitisha huduma kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, kwa upande wa Intel, rasmi inaanzia kizazi cha 8, ukiondoa prosesa chache za kizazi cha 7. Walimu, wahasibu, wenye steshenari na wanafunzi wa vyuo tumejikuta sokoni kwa pamoja, na hela ni ya kuungaunga.

Chukueni i7-7500U ya mwaka 2016. Ina viini viwili tu. i5-8250U ya mwaka uliofuata ina vinne. Kwenye vipimo vinavyotumia viini vyote, i5 hiyo inaiacha i7 mbali, na Windows 11 inaipokea. I7 haimo kwenye orodha. Kwenye kipimo cha kiini kimoja zinakaribiana sana. Kwa hiyo mhasibu anayeshinda kwenye Excel huenda asione tofauti kubwa, lakini kijana anayehariri video za harusi ataiona siku ya kwanza. Bado tunatajiwa bei ya juu kwa sababu ya hiyo saba, na wengi wetu tunalipa.

Alama nazo tunapewa zikiwa namba tupu. Mtu anakutumia picha kwenye WhatsApp, kaandika "1,100, mashine moto," basi. Elfu moja na mia moja ya kipimo gani? Cinebench R15, R20 na R23 kila moja ina mizani yake. Geekbench 5 iliipa i3-8100 alama 1,000 kuwa kigezo. Geekbench 6 ikaja na kigezo kingine, i7-12700, kwa alama 2,500. Ukichanganya matoleo hayo, hesabu yako yote imeharibika, na hela imeshatoka.

Kinachotuuma zaidi ni joto. Prosesa ikipata moto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe. Mashine ya mtumba ina feni iliyojaa vumbi na pasta iliyokauka juu ya prosesa, halafu inafanya kazi kwenye chumba kisicho na kiyoyozi, Dar, mwezi wa Januari. Dakika ya kwanza inapaa, baada ya hapo inazidi kushuka. Cinebench R23 imewekwa irudie kazi kwa dakika 10 ili udhaifu huo uonekane. Ukiomba dakika hizo dukani unaambiwa wateja wengine wanasubiri. Ukiomba chaja ichomolewe uone inavyokwenda kwa betri, unaonekana mkorofi. Mtu anayetoa akiba ya miezi ana haki ya kupima anachonunua!

Wapo kati yetu ambao hata prosesa mpya hawakuihitaji. Mashine inayochelewa kuwaka kwa sababu ya diski ya zamani ya kuzunguka, mara nyingi inapona kwa SSD na RAM ya kuongeza. Fundi anayekwambia hivyo huku akijua anakosa faida ya kukuuzia mashine nzima, huyo tunamshukuru kwa dhati.

Enyi wenye maduka, andikeni namba yote ya prosesa, pamoja na ile herufi ya mwisho, kwa sababu U na H haziko sawa. Anayetangaza alama ataje programu, toleo lake, na kama ni kiini kimoja au vyote. Nawe mnunuzi mwenzetu, kabla hujatoa hela, washa mashine, ingia kwenye mipangilio, soma jina la prosesa hadi mwisho. Ukikatazwa kuiwasha, ondoka nenda duka jingine.