Tuulizane Kabla ya Kuhukumiana

Juma hili tuzungumze juu ya jambo lililotupata sisi wenyewe katika likelemba yetu.

Mwenzetu mmoja hapa Shabunda alimtumia rafiki yake wa Bukavu pesa, amnunulie sabuni na chumvi katika soko la Kadutu. Mnajua barabara yetu: wakati ule bidhaa nyingi zilitufikia kwa ndege, na kila kilo ililipiwa. Mzigo ulipofika, katoni moja ya sabuni haikuwamo. Mwenzetu hakumuuliza rafiki yake. Alitusimulia sisi, nasi tukaitikia: «Amekula pesa.» Miezi miwili watu waliokua pamoja hawakupigiana simu.

Siku moja mama mzee wa kikundi akatuuliza: «Ni nani kati yenu amemuuliza mwenyewe?» Tukainamisha vichwa.

Mwenzetu akapiga simu. Rafiki alinyamaza kidogo, kisha akasema kweli: mtoto wake alishikwa na malaria usiku, akatumia pesa ya katoni ile kununua dawa. Alitaka kuirudisha upesi, lakini haya ikamfunga mdomo.

Basi, juu ya pesa hatukukosea. Tulikosea juu ya moyo wake. Naye alikosea kuficha. Angesema neno moja tu, nani kati yetu angemnyima mtoto dawa?

Wazee wa Kirega walifundisha kwa mutanga, kamba iliyotundikwa vitu vidogo vidogo, kila kitu na methali yake. Ukikitazama tu hutaijua maana, mpaka uelezwe. Matendo ya rafiki ni vivyo hivyo.

Tangu siku ile tumepatana mambo matatu. Anayetumwa aandike bei na kilo kwenye karatasi. Anayepatwa na shida aiseme siku ileile. Mwenye shaka amwendee mhusika kwanza, si jirani.

Sisi walimu tunawakataza watoto kusingiziana darasani. Jioni wanatusikia uani tukifanya lile lile. Watafuata lipi?

Pesa ya katoni imerudishwa kwa mara mbili. Salamu nazo zinarudi, polepole. Yeye alituomba msamaha. Sisi tuliomwita mwizi bado hatujamwomba. Juma hili tutampigia simu.