Swapu Si RAM ya Maskini

Vijana wengi wanaofunga Linux kwenye kompyuta mpakato za mitumba wana jibu moja wakifika hatua ya swapu, kwa kawaida nafasi ya diski ya kupokea data inayotolewa kwenye RAM: iruke. "RAM ikitosha, swapu haina kazi." Dai hili linasikika kuwa la busara, nalo linawaumiza watu. Mwanafunzi mwenye mashine ya GB 4 anaandika tasnifu huku kivinjari kikiwa na vichupo kadhaa. Ghafla kila kitu kinaganda, au programu ya kuandikia inafungwa na kerneli, moyo wa mfumo wa Linux, na kazi ya asubuhi nzima inapotea. Anaambiwa akanunue RAM. Haambiwi kwamba mashine yake ilinyimwa nafasi ya kujiokoa.

Kerneli ya Linux huigawa RAM katika kurasa, kwa kawaida za baiti 4,096 kila mmoja, na kurasa hizo si za namna moja. Zipo zilizosomwa kutoka kwenye mafaili: msimbo wa programu, maktaba zake, nyaraka ulizofungua. Asili yake ipo diskini, kwa hiyo RAM ikibana, kerneli inaweza kuzitupa na kuzisoma upya baadaye. Zipo pia zisizotokana na faili lolote, yaani data ambayo programu imeizalisha ikiwa kazini, kama vile aya ambayo hujaihifadhi au yaliyomo ndani ya kichupo ulichokifungua jana. Hizi hazina nakala popote. Pasipo swapu, haziwezi kutoka kwenye RAM hata kama hazijaguswa tangu alfajiri.

Tazama basi kinachotokea kwenye mashine isiyo na swapu kumbukumbu inapoanza kubana. Kerneli inatafuta nafasi. Kurasa zisizo na nakala haziondoleki, kwa hiyo inazigeukia za mafaili peke yake, na miongoni mwake umo msimbo wa programu zinazoendeshwa wakati huohuo. Msimbo unatupwa, papo hapo programu inauhitaji, unasomwa tena kutoka diskini, unatupwa tena. Taa ya diski haizimi, kishale hakisogei, na swapu iliyotumika ni sifuri. Wanaoamini kwamba swapu ndiyo chanzo cha diski kuhangaika hawana maelezo ya hali hii, ingawa kila fundi ameiona. Kungekuwa na swapu hata ya GB 2, kerneli ingeipeleka huko data iliyosahaulika na kuuacha msimbo unaotumika ukae mahali pake.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu: swapu inaipa kerneli uhuru wa kuchagua kipi kikae kwenye RAM na kipi kitoke. Ni kweli kwamba wazo la kuhamisha kurasa lilizaliwa na uhaba. Kompyuta ya Atlas, iliyozinduliwa Manchester, Uingereza, mwaka 1962, ilikuwa na kumbukumbu kuu ya maneno 16,384 tu na ngoma ya sumaku ya maneno 98,304, na mwandishi wa programu akaviona vyote viwili kama hifadhi moja. Lakini seva ya GB 64 nayo ina kurasa ambazo programu zilizigusa wakati wa kuwaka na hazitazigusa tena. Kila ukurasa wa namna hiyo ukiondolewa, nafasi yake inashikwa na data ya mafaili yanayosomwa mara kwa mara, na diski inapumzika.

Dai la pili ni kwamba swapu inaifanya kompyuta iwe nzito. Lina chembe ya ukweli. Kusoma kutoka RAM huchukua nanosekunde 100 hivi, kutoka SSD nzuri mikrosekunde 100 hivi, na kutoka diski ngumu inayozunguka milisekunde 10 hivi. Ya kwanza inaishinda ya pili mara 1,000, na ya tatu mara 100,000. Programu inayosubiri ukurasa wake urudi kutoka huko, mtumiaji ataisikia. Tatizo ni ushahidi unaoletwa. Mtu anaandika amri ya free -h, anaona GB 1 ya swapu imetumika, anatoa hukumu. Kurasa zilizokwenda na hazijaitwa tena hazimcheleweshi mtu yeyote.

Kinachopimwa ni mwendo wa kurasa. Andika vmstat 1, kisha angalia safu za si na so, yaani zinazoingia kutoka swapu na zinazotoka kwenda huko. Zikibaki sifuri, au zikiruka mara moja moja, huna ugonjwa. Zote mbili zikikimbia bila kusimama, basi kurasa ambazo programu zako zinazihitaji kwa pamoja zimezidi RAM uliyo nayo. Mwanasayansi wa kompyuta Peter Denning alilieleza jambo hili mwaka 1968: mashine inafika mahali inashughulika na kubeba kurasa huku na kule badala ya kufanya kazi. Tiba yake ni kufunga baadhi ya programu au kuongeza RAM. Kuzima swapu hakuongezi hata baiti moja ya RAM, na aliyekwishaizima hujikuta katika ule mzunguko wa kutupa na kusoma msimbo. Tangu kerneli 4.20, faili la /proc/pressure/memory linaonyesha asilimia ya muda ambao programu zimekwama zikisubiri kumbukumbu. Natamani kila fundi aanze kulisoma kabla hajashika bisibisi.

Wapo ninaokubaliana nao kwa sehemu. Wanaoendesha makundi makubwa ya seva hupenda programu iliyozidisha matumizi ife upesi, iwashwe upya kwenye seva nyingine. Kubernetes, mfumo wa kusimamia makundi hayo, kwa muda mrefu ilikataa, kwa mpangilio wake wa kawaida, kuwaka kwenye mashine yenye swapu, na majaribio ya kuiruhusu yalianza toleo la 1.22 mwaka 2021. Sababu hiyo ina uzito kule. Mwanafunzi wetu hana seva nyingine ya kuhamishia tasnifu yake.

Kuna kanuni ya kukariri: swapu iwe mara mbili ya RAM. Iliwahi kuwa na msingi. Matoleo ya mwanzo ya kerneli 2.4, mwaka 2001, hayakuiachia nafasi ya swapu hata ukurasa ulipokwisharudi kwenye RAM, kwa hiyo swapu ndogo ilijaa bure. Hali hiyo ilirekebishwa, kanuni ikabaki vinywani. Mwenye RAM ya GB 32 hana haja ya kutenga GB 64 za diski. Diski hiyo ikiwa inazunguka, na siku programu moja ikaharibika na kumeza kumbukumbu bila kikomo, mashine itaganda kwa muda mrefu kabla kerneli haijaiua programu hiyo. Kwa GB 2 za RAM, maradufu bado inafaa. Kwa GB 4 au 8, weka swapu ya kiasi hichohicho. Zaidi ya hapo, GB 4 hadi 8 zinatosha watu wengi. Kinachobadilisha hesabu ni kutaka kompyuta izimwe huku kazi zote zikihifadhiwa diskini ili uzikute ulivyoziacha. Hapo swapu ipite ukubwa wa RAM.

Namba ya swappiness nayo imetungiwa maana isiyo yake. Kawaida huwa 60, na wengi husema swapu huanza kutumika RAM ikifika asilimia 60. Si asilimia ya kitu chochote. Ni mizani ya gharama baina ya kupeleka ukurasa kwenye swapu na kutupa ukurasa wa faili: kwenye 100 kerneli inazihesabu gharama hizo kuwa sawa, na chini ya hapo inaona swapu kuwa ghali zaidi. Kuiweka 0 hakuzimi swapu. Kunaiacha hadi dakika ya mwisho, wakati ambapo mashine imekwishaanza kuteseka. Tangu kerneli 5.8 ya mwaka 2020 namba hii inaweza kufika 200. Hilo lina faida pale swapu inapokuwa ndani ya RAM yenyewe kwa njia ya zram, inayobana kurasa ili zichukue nafasi ndogo, kwa kuwa kubana na kufungua ni rahisi kuliko kwenda diskini.

Je, swapu inaua SSD? Tupige hesabu. Samsung 870 EVO ya GB 500 ina dhamana ya kuandikwa hadi terabaiti 300. Ukiandika GB 20 za swapu kila siku ya Mungu, utafika kikomo hicho baada ya siku 15,000, zaidi ya miaka 40. Hofu hii ina haki kwenye kadi za SD za kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, ambazo huchakaa mapema. Huko tumia zram. Fedora imeifanya kuwa mpangilio wake wa kawaida tangu toleo la 33, mwaka 2020.

Kwamba partisheni ina kasi kuliko faili la swapu, ni habari ya kerneli za zamani. Tangu 2.6, kerneli hujua mapema mahali faili lilipokaa diskini na kuandika hapo moja kwa moja. Ubuntu iliacha kutenga partisheni ya swapu kwenye toleo la 17.04. Kwenye diski ya ext4 unaandika, ukiwa na mamlaka ya msimamizi, fallocate -l 4G /swapfile, kisha chmod 600 /swapfile, mkswap /swapfile, swapon /swapfile, na mwisho unaongeza mstari wake ndani ya /etc/fstab ili irudi kila mashine inapowaka. Usiiruke ile chmod: ndani ya faili hilo zinaweza kuingia nywila na barua za watu, na mtumiaji mwingine wa mashine hapaswi kulisoma. Kwenye Btrfs faili hilo linahitaji maandalizi ya ziada.

Limebaki dai ambalo halitoki kwa mafundi. Linatoka kwenye maboksi ya simu janja: "RAM GB 16," na pembeni kwa herufi ndogo, 8+8. Hapa kosa limegeuka. Fundi anaidharau swapu, muuzaji anaiuza kama RAM. Zile 8 za pili ni sehemu ya hifadhi ya picha na video zako iliyotengwa kupokea kurasa, na kila ukurasa unaokwenda huko unarudi kwa mwendo wa hifadhi. Faida ipo: programu uliyoiacha nyuma inaweza kukutwa ilipokuwa badala ya kuanza upya. Lakini mchezo mzito unaotaka GB 12 za RAM utakwama kwenye simu hiyo kama unavyokwama kwenye yoyote ya GB 8. Anayenunua Kariakoo au Luthuli Avenue amwombe muuzaji afungue mipangilio ya simu, azime RAM ya nyongeza, kisha ndipo wapatane bei kwa namba iliyobaki.